Domitila, Viunganishi, na Mpaka Uliong'olewa

Ihanda, Jumamosi, mwanzo wa mvua za vuli, katikati ya miaka ya tisini. (Naichapa hapa kutoka shajara yangu ya wakati ule. Sijaongeza wala kupunguza.)

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika, ikarudi, na sasa mbingu zimenyamaza lakini migomba bado inadondosha matone. Nimekaa barazani na kanga mbili mabegani. 

Shajara, leo sijui nianzie wapi. Mimi ninayelipwa kuwafundisha watoto wa watu kuunganisha sentensi, leo zangu zimekataa kushikana.

Nianze na Jumatano basi.

Jumatano nilifundisha viunganishi vya Kiingereza darasa la sita. Ni somo ninaloliogopa kila mwaka, na walimu wenzangu hawajui. Wanadhani nalipenda kwa kuwa nalifundisha vizuri. Niliandika ubaoni "The rain is heavy", na chini yake "We are going to school", nikawaambia wazifanye ziwe sentensi moja. Wakautazama ubao kama ng'ombe wanaotazama lori. Mmoja akajitosa na "because", tukawa tunakwenda shule kwa sababu mvua ni kubwa, darasa likacheka. Mwingine akaanza na "although", na alipofika katikati akachomeka "but", kama wanavyofanya watoto wote wa huku, maana katika Kiswahili chetu ingawa na lakini tumezoea kuwatembeza pamoja. Nikageuka kuandika sahihisho. Mgongo wangu ukiwa kwao, nikasikia jibu.

"Although the rain is heavy, we are going to school."

Sauti nyembamba, inayotokea puani kidogo, Kiingereza cha ng'ambo ya Mto Kagera. Nikasema vizuri sana, nani huyo? Darasa zima likanikodolea macho. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Niliwapa zoezi, nikatoka nje kushika ukuta.

Nilimjua ni nani. Domitila alikufa tukiwa bado wasichana wadogo.

Familia yao ilikuwa ya Wanyarwanda walioishi Uganda miaka mingi wakifuga ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wakafukuzwa huko, wakavuka mto na kile kilichobebeka, wakapata kibanja kando ya chetu hapa Ihanda. Wao wakawa na migomba yao na kahawa yao, sisi na yetu, na katikati mstari wa milamula, ile miti myembamba yenye majani marefu ambayo kila mtu huku huipanda kuonyesha ardhi yake inaishia wapi. Mtoto wa Karagwe hujua mapema kwamba mlamula hauchezewi. Ukiung'oa umeanzisha kesi.

Domitila aliletwa shuleni kwetu darasa la tano akiwa hajui Kiswahili hata kidogo. Sisi tulimwamkia mwalimu mkuu shikamoo, yeye akasimama wima akasema "Good morning, sir", na mwalimu mkuu akaangaza huku na huku akitafuta wa kumjibu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mungu amrehemu, alikuwa analisoma somo lake mbiombio kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mbwa mkali. Kabla ya muhula kwisha alikuwa anamalizia kila sentensi kwa kumtupia jicho Domitila. Akitikisa kichwa, mwalimu anafuta.

Watoto walimwita Mganda, wakamkimbia. Mimi nilipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili kwa kuwa tulikuwa majirani, na kwa kuwa lugha ya kwao inaelewana na Kinyambo chetu hatukukosa pa kuanzia. Nilimpa Kiswahili, akanipa Kiingereza. Sikuwahi kuwa na rafiki mwingine kama yeye, na nasema hivi nikiwa mtu mzima mwenye marafiki.

Mchezo wetu ulikuwa huu. Wakati wa kuchuma kahawa kila mmoja yuko upande wake wa mpaka, na majani yamesongana, hatuonani. Mimi napanda juu ya jiwe letu la kuanikia nguo. Napiga kelele na sentensi yoyote ya Kiingereza niliyoiweza. Yeye, kutoka upande wa pili, anadaka kwa kiunganishi na kumalizia. "My brother is lazy," nasema. "But he eats!" anajibu. Kaka yangu Deusi alikuwa anatupita na gunia la kahawa, anasikia tunacheka na hajui tunamcheka yeye.

Alinifundisha jambo ambalo nalitumia mpaka leo darasani na chuoni hakuna aliyewahi kunifundisha. Alisema usikimbilie neno. Kwanza ziulize hizo sentensi mbili zinajuanaje. Moja imeizaa nyingine? Basi hiyo ni "because". Zinagombana lakini zinaishi nyumba moja? "But." Moja inasubiri nyingine ifike? "Until." Ukishajua undugu wao, neno linakuja lenyewe. Alikuwa mtoto wa darasa la sita alipoyasema haya, akiwa ameinama anakusanya kahawa zilizoanguka.

Akafa wakati wa likizo. Homa ya kichwa. Wanaume wa kijiji walimbeba kwenye machela kumpeleka hospitali ya misheni, wakipokezana mabegani, na siku ya pili walimrudisha kwenye machela hiyohiyo amefunikwa uso. Wakamzika kibanjani kwao, kama tunavyozikana wote huku, ndani ya migomba. Baba yake alichagua pembeni kabisa, karibu na mpaka wetu, nasikia kwa sababu ndipo alipopenda kukaa. Wakaweka msalaba wa mti, wakapanda na milamula kichwani na miguuni. Mlamula huwekwa kaburini pia, ndiyo desturi.

Mimi nilikuwepo. Nilirusha udongo kama wengine.

Haikupita muda baba yake akaihamishia familia Kaisho, kwenye malisho, kwa sababu moyo wake ulikuwa kwenye ng'ombe na si kwenye kahawa. Kibanja chao kikawa chetu. Mimi nikaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu. Baba yangu akafa, mama akamfuata, Deusi akaachwa na vibanja viwili ambavyo sasa ni mali moja. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akang'oa mpaka. Mstari wote wa milamula, kuanzia barabarani hadi bondeni, maana mpaka wa nini katikati ya shamba la mtu mmoja? Msalaba ulikuwa umeshaliwa na mchwa. Milamula ya kaburi ilikuwa imekaa sambamba na ya mpaka, na ukisimama njiani unaona mstari mmoja tu. Wakati wa mazishi Deusi alikuwa kibarua Bukoba, hakushuhudia. Hakujua anang'oa nini.

Niliporudi nikakuta imeshatoka. Nililia siku ile, Deusi akaomba radhi, nikajituliza kwa kujiambia kwamba mimi napajua mahali penyewe, hata kama hakuna alama, mimi napajua.

Alhamisi, siku moja baada ya ile sauti darasani, nilitoka shuleni nikamkuta mama mzee amekaa juu ya kifurushi chake mlangoni kwetu. Alikuwa ameshuka kwenye lori la kahawa kutoka Kaisho. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba, akaushika uso wangu kwa mikono yote miwili na kuniita jina la utotoni ambalo sikudhani kuna aliye hai anayelikumbuka. Ndipo nikamtambua. Mama Domitila.

Amekonda. Mume wake amekufa. Wanawe wamepata nafasi kwenye lori linalovuka kwenda Rwanda Jumatatu, kwenye ardhi ambayo wao hawajawahi kuiona na yeye aliiacha akiwa na mimba ya kwanza. Siku hizi barabara zetu zimejaa. Wengine wanavuka kuja, wengine wanavuka kurudi, na wanapishana bila kusalimiana.

"Waitu, mwanangu," aliniambia, kwa neno la heshima la huku, "nionyeshe alipo Domitila nimuage. Nikivuka sirudi tena. Magoti haya hayatanirudisha."

Nikamwambia mama, napajua, twende sasa hivi. Nilimshika mkono kwa uhakika wote nikamwingiza kwenye migomba.

Sikupaona.

Niliyekulia kwenye migomba ningepaswa kukumbuka kwamba migomba haikai mahali pamoja. Shina linazaa upande, mtoto anazaa upande, mama anakatwa, na baada ya miaka kadhaa shamba zima limetembea. Njia tuliyokuwa tunapita haipo. Kahawa za zamani Deusi amezikata akapanda mpya. Nilisimama hapa nikasema ni hapa, nikasogea nikasema hapana, ni pale, na Mama Domitila akawa ananifuata, kila ninaposimama anaanza kupiga magoti. Mara ya tatu nilimwomba asipige magoti kwanza. Sitasahau jinsi alivyojiinua akishika mgomba.

Jana tulitafuta tena, na Deusi akawepo. Tuliwauliza waliobaki kati ya wale waliobeba machela. Wote walikumbuka. Wote walisema jambo moja: mpakani. Mpaka wenyewe ulikuwa wapi, kila mmoja akaonyesha kwingine.

Jioni Mama Domitila hakula. Wifi alimwekea ndizi na maharage, akaviangalia hadi vikapoa. Akaniambia kwa upole, bila kunilaumu, na upole ule ndio ulionichoma: "Nikiondoka bila kumwona atanifuata njiani, na njia ile ni ngeni kwake. Atapotea." Kisha akaingia kulala kwenye kile kinyumba cha wageni alichojenga Deusi uani mwaka jana.

Deusi akanivuta pembeni. Akasema, "Adventina, mwonyeshe mahali popote. Mbona unamtesa mama wa watu? Udongo ni udongo." Nikamwambia sidanganyi juu ya maiti. Akasema mimi ni mwalimu, nimezoea jibu moja tu kuwa sahihi. Tuliachana hapo tumenuniana.

Sasa leo.

Asubuhi, mvua ilipokatika kidogo, Deusi alikuja mbio akiita mama, mama, tumepata! Tukamfuata hadi karibu na mkuyu. Palikuwa na milamula imechomekwa, mmoja huku, mmoja kule, na katikati pamesafishwa. Mlamula ni mti mwepesi kushika, unakata tawi unachomeka, basi. Niliona ncha zimekatwa kwa panga upya na utomvu bado unatoka. Nilimwangalia Deusi. Deusi akaangalia chini.

Mama Domitila hakuona utomvu. Alipiga magoti kwenye tope. Alizungumza na mwanawe kwa Kinyarwanda, muda mrefu, mara nyingine akicheka, na nilielewa kipande kipande. Alimwambia baba yake ameshatangulia. Alimtajia wajukuu kwa majina. Alimwambia asiogope, kwamba sasa wanakwenda kwao. Kisha akachota udongo akaufunga kwenye pindo la kitenge, akaushikilia kifuani.

Nami nikiwa nimesimama nyuma yake nikamsikia Domitila.

Si pale. Nyuma yangu, mbali, upande wa uani. Kama zamani, akiwa amefichwa na majani, akisubiri nimtupie sentensi. Hakusema neno, alikohoa tu, vile alivyokuwa akikohoa nikichelewa. Niligeuka. Migomba tu, na maji yakidondoka.

Nilinyamaza. Niliona uso wa yule mama ukiwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu aje, nikasema moyoni Deusi ana haki, mimi ni nani, acha aende. Kwa kweli nilijisikia nafuu, nisiseme uongo humu.

Mchana akala. Alikula ndizi, akaomba maharage tena, wifi akafurahi. Na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake, akaanza kuwasifu wenyeji wake. Alisifu kahawa, akasifu watoto, akasifu kile kinyumba alicholazwa, kwamba ni kikavu na kimejengwa mahali pazuri. Deusi, ambaye mzigo ulikuwa umemtoka mabegani, akaanza kujisifu kama kawaida yake. "Pale nilipata kwa bahati, mama. Sikukata hata mgomba mmoja! Shamba zima limesongamana, pale tu ndipo pamekaa wazi penyewe. Nikasema hapa Mungu amenipimia kiwanja."

Nilirudisha tonge kwenye sahani.

Katika kibanja cha mtu wa huku hakuna mahali panapokaa wazi penyewe. Mgomba ukiona nafasi unaifuata. Mahali pakikaa wazi ni kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anang'oa machipukizi mwaka hata mwaka ili yasipande juu ya kitu. Baba yangu. Baba alikuwa anafanya hivyo kila msimu baada ya wale majirani kuhama, na mimi nilimwona nikadhani anapalilia tu. Alikufa bila kumwambia Deusi kwa nini.

Niliomba udhuru nikatoka. Nikaenda kutafuta lile jiwe la kuanikia nguo, limezama nusu na kuota ukoka, lakini mawe hayatembei kama migomba. Nikapanda juu yake, mwanamke mzima na viatu vya shule. Nikageukia kule nilikokuwa nageukia siku zote, kule sauti ilikokuwa inatokea.

Mbele yangu palikuwa na mlango wa kinyumba cha wageni.

Nyumba ya miti na udongo haichimbiwi msingi. Nguzo zinachomekwa pembeni, katikati panasawazishwa na kusiribwa. Ndiyo maana Deusi hakukuta kitu. Nilisimama juu ya jiwe nikasema kwa sauti, sijui hata kwa nini, "My brother is lazy," na machozi yakanizuia. Sikujibiwa. Sikuhitaji kujibiwa, nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu.

Hapo nilikaa muda, nikibishana na nafsi yangu. Upande mmoja kuna mama aliyeaga, aliyeshiba, ambaye Jumatatu atapanda lori na wanawe na wajukuu aliowataja kwa majina. Upande mwingine kuna mtoto aliye chini ya kitanda. Nilizikalisha sentensi zote mbili mbele yangu kama alivyonifundisha yeye, nikaziuliza zinajuanaje, na hazikuniambia kitu. Nilitamani mama yangu angekuwa hai nimuulize. Nilitamani hata kuwa mtoto tena, niambiwe nyamaza, haya ni ya wakubwa.

Kilichoniamua si ushujaa. Nilimfikiria akifika huko, akiumwaga udongo wa mkuyuni kwenye kaburi la kumbukumbu, akimwambia Domitila tumefika kwetu. Na Domitila yuko hapa, hajaitwa na mtu. Nilishindwa.

Nilimkuta ndani anafunga kifurushi. Nikamwambia mama, kaa chini. Nikamwambia si pale.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Ni wapi?"

Nikanyoosha mkono kuonyesha kitanda.

Alikitazama kitanda, kisha sakafu, kisha mimi. Akaniomba tukisogeze. Tulikivuta pamoja hadi ukutani, yeye kwa upande wake na mimi kwa wangu. Akakaa sakafuni, akainyoosha miguu, akaweka kiganja juu ya udongo uliosiribwa na kukizungusha polepole, vile mtu anavyopapasa tumbo la mtoto linalouma. Nilimweleza habari za baba, na za machipukizi, na za jiwe. Za sauti sikumweleza. Alisikiliza zote, na nilipomaliza akaniuliza swali ambalo litaniandama maisha yangu yote.

"Kule nimemuaga nani?"

 Akafungua pindo la kitenge, akakung'uta ule udongo nje ya mlango, mvua ikauchukua.

Deusi ameniambia maneno makali, mbele ya mkewe, na hajawahi kuniambia hivyo tangu tuzaliwe. Kwamba alikuwa amempa yule mama amani na mimi nimemnyang'anya. Kwamba ningepungukiwa nini kunyamaza siku mbili tu. Kwamba sasa ana nyumba asiyoweza kulaza mgeni wala kuibomoa.  Yote ni kweli, na bado sidhani nilikosea, na sijui mambo haya mawili yanakaaje kwenye kifua kimoja.

Namwogopa pia Domitila, nikiri na hilo. Nimempenda miaka yote hii akiwa sauti. Sasa najua wifi amekuwa akifagia juu yake, wageni wamekuwa wakikoroma juu yake, mimi mwenyewe Krismasi iliyopita nililala mle na watoto wa shangazi, tukicheka hadi tukapigiwa ukuta. Alikuwa anasikia?

Kabla jua halijazama nilirudi kumtazama Mama Domitila. Nilimpelekea chai na mkeka mkavu. Amejifunika kitenge, amelala ubavu palepale kwenye udongo, ameegemeza kichwa kwenye mkono. Nikamkumbusha taratibu kwamba kesho Jumapili kuna gari la kurudi Kaisho, na keshokutwa lori la wanawe. Nilimwambia kwamba Deusi, hasira zilipompoa, amekubali kuvunja ukuta na kupanda milamula upya, na mimi nitapalilia kama baba, naapa. Kwamba anaweza kwenda.

Akasema wapelekewe salamu Kaisho. Lori liende.

Nilipiga magoti. Nikamsihi, nikamtajia wajukuu, wote aliowataja yeye asubuhi. Machozi yakamtoka kwa kila jina, lakini hakuinuka. Nikamuuliza, mama, sasa utakaa hapa hadi lini?

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Mwanangu," akasema, "mimi ndiyo kwanza nimefika."